Shaabani Ndani ya Eda

Kazi yangu ni kuuza harufu. Nachemsha udi, nautia kwenye vikopo, nawauzia wanawake ninaowajua na wale walioletwa na ninaowajua. Sina duka wala kibanda. Nina vyumba vya kupanga Tandika, simu, jiko la mkaa, sufuria mbili zisizopikiwa kitu kingine, na mlango ambao wateja wameshaufanya wa kwao. Anayefanya biashara nyumbani atanielewa nikisema kwamba tabu yake ya kwanza si kukosa wateja. Ni wateja wenyewe, wanaopiga hodi huku wameshavua viatu na wanatafuta pa kukaa.

Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu, na nilikuwa mkali nao. Asubuhi ilikuwa ya jiko. Udi wa kuchemsha hautaki gumzo. Sukari ikianza kugeuka rangi, ukiinua kichwa kumwitikia mtu salamu, imeshaungua, na vipande vya sandali ulivyonunua kwa bei ya kukutoa machozi vimekwenda na maji. Adhuhuri ikipita nilikuwa nafungasha. Alasiri mpaka magharibi ndiyo saa ya wateja, wanaokuja na ninaowafuata. Jumatatu nilizunguka Mbagala na Temeke yetu yote. Jumatano nilikwenda Kinondoni, nikianzia Tandale, ambako nina muuza mchele wa sokoni asiyekosa kikopo chake, nikimalizia Mwenge. Mteja aliyekuja asubuhi nilimwacha barazani amalizie hasira zake kwa mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kugombana na mtu kwa sababu hasemi.

Na udi haununuliwi kama sabuni. Kila mwanamke anataka wa kwake, usionukia kwa jirani. Nina wake wenza wawili wa Mwenge, wote wateja wangu, na kila mmoja amenilisha kiapo nisimpe mwenzake mchanganyiko wake. Mmoja anapenda miski, mwenzake anapenda marashi mengi na sandali iliyotulia. Mmoja nilimpelekea Jumatano, mwenzake Alhamisi, na njia niliyopitia haikuwa ile ile. Kuna mwalimu wa Ubungo ambaye mwanawe ana pumu, huyo simuuzii udi hata akinibembeleza, namuuzia singo ya kujisugua. Mambo hayo yote nilikuwa nayo kichwani. Mume wangu alikuwa akinicheka, anasema wateja wangu nawajua kuliko waume zao wanavyowajua.

Mume wangu alikuwa fundi wa majokofu. Alianguka akiwa kazini, kwenye bucha moja huko Ubungo, mkono bado umeshika kifaa chake, na alipofikishwa hospitali hakukuwa na cha kufanya. Walisema ni presha. Alizikwa kesho yake. Nayaandika kwa ufupi kwa sababu hata siku yenyewe yalikwenda kwa ufupi hivyo hivyo: asubuhi aliniaga, kesho yake alasiri nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, nimevuliwa bangili.

Nikaingia eda. Kwetu sisi Waislamu mwanamke aliyefiwa na mume anakaa miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hapaki hina wala wanja, hajitii manukato. Mume wangu alifariki mwishoni mwa Mfunguo Nane, mwezi mmoja kabla ya Rajabu. Fanya hesabu mwenyewe. Eda yangu ilimeza Rajabu, ikameza Shaabani na Ramadhani, ikameza mpaka Idi.

Kwa asiyejua, Shaabani kwa muuza udi ndiyo mavuno. Ndio mwezi wa harusi, kila mtu anataka kuoza kabla ya kufunga. Kuna udi wa bibi harusi, udi wa chumba, udi wa shuka, udi wa mama wa bibi harusi ambaye hataki kuzidiwa na mama wa bwana harusi. Nilikuwa nafanya kazi Shaabani moja, nusu mwaka wa kodi umetoka. Na mwenye nyumba wetu kodi anaichukua ya miezi sita kwa mkupuo, na miezi hiyo sita ilikuwa inaisha baada ya Idi.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliniambia jambo hilo akiwa nyuma ya pazia, kwa sababu nikiwa edani hakutakiwa kuniona. Alisema kwa upole, sina la kumlaumu.

“Shemeji, mie uwezo wangu unaujua. Kodi ikipatikana, sawa. Isipopatikana, mama nitamchukua nikakae naye kule kwetu Kilwa, na wewe itabidi urudi kwenu Pangani. Sikufukuzi, nakwambia tu ili ujue.”

Nikamjibu nimesikia. Upande wangu wa pazia alikuwapo mama yake, anachambua mchele, na hakuinua uso. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka mingi, mimi na yule mama. Sisi si watu wa kukumbatiana. Lakini nilijua anakunywa chai yake ikiwa imepoa, na yeye alijua nikinyamaza asubuhi nisisemeshwe. Nilipowaza yeye Kilwa na mimi Pangani, niliona kama nafiwa mara ya pili, na safari hii bila mkeka.

Udi, basi, ungechemshwa vipi? Nikamtuma shemeji kwa ustadhi wa msikiti wetu. Jibu lilirudi kwamba kushika manukato kwa ajili ya kazi si kujipamba, ila nikiweza kujiepusha ni bora zaidi. Nikaona mlango umefunguka. Mama mkwe akaufunga.

“Humu ndani usichemshwe.”

“Lakini mama, ustadhi kasema...”

“Ustadhi hakai humu.”

Kwake hiyo ilikuwa hotuba. Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilijiambia anaogopa midomo ya majirani, watu wapite barazani wasikie nyumba ya mfiwa inanukia. Nilijiambia pia kwamba kwake ni rahisi, yeye kodi hajawahi kuilipa. Lakini huwezi kubishana na mtu anayesema maneno matatu halafu anarudi kwenye mchele wake.

Wakati huo wateja walikuwa wanakuja. Walikuja kuhani, na msiba hauna saa za kazi. Utaratibu wangu wote ulikufa pale pale. Walikuja asubuhi, walikuja adhuhuri, walikaa. Walilia machozi ya kweli, wengi wao mume wangu alikuwa amewatengenezea majokofu yao. Halafu dua ikishaombwa, juzuu zikishakusanywa, mmoja anasogea karibu kama anayetaka kuniwekea mto vizuri.

“Dada, Mungu akupe subira. Sasa... na ule wa mwanangu? Harusi ni Shaabani.”

Huyo alikuwa mama mmoja wa Ubungo. Siwezi kumlaumu. Harusi ilipangwa kabla mume wangu hajafa, na bibi harusi hawezi kupelekwa kwa mumewe hana harufu. Nilimwambia anipigie simu baada ya alasiri. Na hapo ndipo utaratibu wangu mpya ulipoanzia: kabla ya alasiri mimi ni mfiwa, sijibu neno lolote la biashara hata akiuliza nani. Baada ya alasiri mimi ni muuzaji, kwa simu tu, mlango umerudishwa. Niliwatumia wote ujumbe wa sauti kuwaeleza hivyo. Wengine waliona najivuna. Wengi walifuata.

Aliyebaki kutafutwa ni mtu wa kushika mwiko. Nikamwomba wifi yangu.

Wifi yangu, binti wa baba mdogo wa marehemu, anakaa Mtoni, ameachika, ana uani mkubwa na hana kazi maalumu. Kwa muda wote niliomjua alikuwa ananiita “mchawi wa moshi” na kupiga chafya kwa makusudi nikipita. Nilipompigia akauliza:

“Wifi, mie udi naujulia wapi?”

“Nitakuelekeza.”

“Na nikiunguza?”

“Utaunguza.”

Akaunguza. Sufuria ya kwanza yote ilikuwa lami. Kosa lilikuwa langu kwa sababu nilikuwa nimemwambia inavyoniambia pua yangu: ipua ile harufu ikishalainika. Harufu kulainika ni kitu gani kwa mtu ambaye hajawahi kuchemsha? Mimi mwenyewe sikujua naeleza nini. Miaka yote hiyo nilikuwa nafanya kazi na pua bila kujua kwamba macho na masikio yangu nayo yalikuwa kazini.

Mara ya pili nikamwambia aweke simu karibu na sufuria, akae kimya. Nikafumba macho chumbani kwangu Tandika, simu sikioni, nikasikiliza sukari inachemka Mtoni. Mwanzo inachachatika haraka haraka. Halafu inapunguza, mapovu yanakuwa mazito, yanapasuka moja moja kwa uzembe. Nikapiga kelele, “Ipua! Sasa hivi, ipua!” nikasahau kwamba ukumbini kuna wazee wa msikitini wanasoma. Wakanyamaza wote. Baadaye mama mkwe aliniletea uji, na mdomo wake ulikuwa umejibana kwenye pembe, na nilijua amejizuia kucheka. Ndiyo mara ya kwanza tangu mwanawe azikwe.

Hivyo ndivyo tulivyoingia Shaabani. Wifi anachemsha, anachanganya mafuta ninayomtajia, anaulaza udi kwenye chombo kilichofunikwa, bodaboda anausambaza. Mimi nawapanga wateja: nani kwanza, nani asubiri, nani aambiwe ukweli kwamba haitawezekana. Hilo la mwisho nilikuwa silijui kabla. Zamani kila mteja nilimwitikia, halafu nikakesha. Sasa nilikuwa na mikono ya mtu mwingine, na sikuwa na haki ya kuichosha. Nikajifunza kusema hapana, na cha ajabu, aliyeambiwa hapana Shaabani ile alisubiri mpaka Idi.

Makosa yalikuwapo. Wale wake wenza wa Mwenge, wifi aliwapelekea mchanganyiko mmoja, siku moja, kwa bodaboda mmoja. Mke mkubwa akanipigia simu. Hasira zilikuwa zimemjaa, na mfiwa hagombwi, kwa hiyo alinigombeza kwa kunong’ona: “Pole na msiba, dada yangu, Mungu akufariji, lakini umeniua.” Nikamuomba radhi kwa kunong’ona vile vile. Tulipokata simu nikacheka peke yangu mpaka nikalia, na nilipoanza kulia sikuweza kuacha, kwa sababu aliyestahili kusikia kisa kile alikuwa mmoja tu.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya mwisho mwisho wa Shaabani. Harusi mbili kubwa zilikuwa zimeangukia siku moja, na wifi alikuwa jikoni tangu alfajiri. Mchana akaamua kuniletea mchuzi wa pweza. Alitoka Mtoni na nguo zile zile. Aliyezoea kuchemsha udi hasikii tena harufu yake mwenyewe, mimi najua, lakini sikuwahi kumwambia. Akaingia, akaniangukia kifuani kwa huruma zake, akakaa kidogo, akaondoka kuwahi jiko.

Hakukupita muda wakaingia wanawake wa mtaa wa pili kuja kunitazama. Kati yao alikuwamo mama mmoja mtu mzima, mteja wangu wa zamani, mwenye pua kali kuliko yangu. Alipokaa tu, akavuta pumzi. Akanitazama. Akamtazama mwenzake. Halafu akasema, si kwa kunong’ona:

“Makubwa! Eda gani hii inanukia miski?”

Nilitaka kusema ni wifi, ni nguo zake, ni kazi, ustadhi amesema, lakini kila neno nililolipanga lilikuwa na sura ya mtu aliyekamatwa. Mwanamke akishasemwa kwamba alijifukiza mume hajaoza, neno hilo halifutiki Tandika yote. Nani angenunua tena udi wangu kwa ajili ya binti yake?

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, mahali pake, mgongo ukutani. Akasema:

“Harufu ni yangu mie.”

Wote wakageuka. Yule mama akacheka kidogo, kicheko cha kutoamini. “Wewe, dada?”

“Mie. Kwani mie nina eda? Aliyefiwa na mume ndiye mwenye eda. Mie nimefiwa na mwana. Wa mwana anapewa siku tatu. Zangu zilikwisha zamani. Naruhusiwa kunukia, naruhusiwa kwenda harusini, naruhusiwa kupaka hina mpaka magotini nikitaka. Nilimzaa, nikamnyonyesha, nikamzika, nikapewa siku tatu. Sasa mnataka kuninusa na mie?”

Hakupandisha sauti. Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi vile kwa mpigo. Yule mama mtu mzima alishusha macho, akasema, “Nisamehe, dada yangu,” na sauti yake ilikuwa imebadilika. Naye alikuwa amezika mtoto, nilikuja kuambiwa baadaye. Walikaa kidogo, wakasoma fatiha, wakaondoka.

Alikuwa amesema uongo, na sote wawili tulilijua hilo. Mama mkwe hakuwa ananukia kitu. Nilipomtazama pale mlangoni, ndipo nilipoona nilichokuwa nakipita kila siku. Alikuwa amevaa kanga zilizopauka, zile mbili anazobadilishana tangu mazishi. Hakuwa na wanja, na huyu ni mwanamke ambaye wanja ulikuwa haumtoki hata akiumwa. Kadi za harusi zilizomjia Rajabu na Shaabani alizirudisha zote, anasema hawezi kwenda kwa sababu anamkalia mkwewe. Sabuni yangu ya kufulia isiyo na harufu, niliyonunua kwa ajili ya eda, ilikuwa inaisha haraka, nikidhani ni panya. Alipokataza udi usichemshwe ndani hakuwa anawaogopa majirani, wala hakuwa ananilinda mimi. Alikuwa anaomba nyumba ya mwanawe ikae na huzuni kidogo, na hakuwa na sheria ya kuombea. Mimi nilikuwa nayo. Akajibanza kwenye yangu.

Nilisogea nikakaa karibu naye, mgongo ukutani. Nililia, naye akalia. Adhana ya alasiri ilitukuta pale pale, na simu yangu ilipoanza kuita niliiacha iite.

Shaabani ilikwisha, tukafunga, tukala Idi yetu bila chetezo cha kufukizia. Kodi ilipatikana. Shemeji alikuja kuichukua ampelekee mwenye nyumba, akasimama nyuma ya pazia, akasema, “Basi vizuri, shemeji.” Mama yake hakwenda Kilwa.

Siku ya kutoka eda nilioga, nikavaa dera jipya la kijani alilonishonea wifi. Wanawake walijaa, na wale wake wenza wa Mwenge nao walikuja, wamekaa pembe mbili za chumba. Wifi akawasha chetezo kwa udi alioupika mwenyewe bila mimi kwenye simu, na ulikuwa mzuri, mzuri hasa. Moshi ulipoingia kwenye nguo zangu nilifurahi, na furaha ile iliniuma. Walinipaka hina mikononi huku wanaimba.

Baadaye nikabeba chetezo mpaka chumbani kwa mama mkwe. Alikuwa amekaa kitandani na kanga yake iliyopauka. Niliinama kumfukiza pindo, akaweka kiganja chake juu ya moshi, taratibu, akausukuma upande wangu.

“Wewe umetoka,” alisema. “Mie bado.”

Nikauliza, “Mpaka lini, mama?”

“Sijui, mwanangu.”

Basi jiko limebaki Mtoni kwa wifi, na wateja napokea huko, kuanzia alasiri. Jioni navua nguo za kazi kwake, naoga, navaa nyingine, ndipo narudi Tandika. Ni usumbufu, na unanilia saa nzuri ya siku. Wateja wa zamani wanaokuja nyumbani wanavuta pumzi mlangoni, wanashangaa, wanauliza imekuwaje nyumba ya muuza udi hainukii. Nawaambia humu ndani kuna mtu yuko edani. Wananitazama mimi, wanaitazama hina yangu, wanaona nimechanganyikiwa. Ustadhi sijamuuliza, wala sitamuuliza.